Kujifungia Redio na Spika Mpya kwenye Toyota Iliyotoka Japani: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ninayoulizwa na watu walionunua magari yaliyotumika Japani hayabadiliki: kwa nini redio inashika stesheni mbili tatu tu, kwa nini redio mpya imegoma kuwaka ilhali nyaya zimeunganishwa rangi kwa rangi, na kama mtu asiye fundi anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe. Anaweza, mradi awe na subira ya kupima kila waya kabla ya kuuunganisha. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya Toyota ndogo kama IST, Vitz, Premio, Fielder na Probox, ambazo ndizo zimejaa barabarani Dar es Salaam na Nairobi na ndizo ninazozifahamu kwa mikono yangu. Mwenye Nissan, Honda au Subaru atafuata hatua hizihizi, lakini soketi na rangi za nyaya zake ni tofauti, kwa hiyo asiitumie orodha ya rangi iliyomo humu.

Suala la stesheni lina jibu fupi. Redio zilizotengenezwa kwa soko la Japani hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hufika 95, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kifaa kiitwacho ekspanda hushusha masafa ili redio iyafikie, lakini namba zinazoonekana kwenye kioo huwa si za kweli na baadhi ya stesheni hubaki nje. Ikiwa unakusudia kukaa na gari hilo zaidi ya mwaka mmoja, badilisha redio.

Kabla ya kununua chochote

Pima upana wa nafasi ya redio. Toyota nyingi zina nafasi ya milimita 200 kwa 100, ilhali redio nyingi za kawaida za ukubwa maradufu zina upana wa takriban milimita 178. Ukinunua ya milimita 178 utahitaji vipande viwili vyembamba vya plastiki vya kuziba mapengo ya pembeni, na muuzaji mwaminifu atakupa pamoja na redio. Zipo pia redio zenye kioo kipana zilizotengenezwa kwa ajili ya nafasi ya milimita 200.

Usiamini maandishi ya kwenye kasha. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 hutoa kwa uhakika wati 17 hadi 22 kwa kila spika, kwa sababu ile 50 ni nguvu ya kitambo kidogo tu. Wati zinazofaa kulinganishwa, iwe kwa redio, spika au amplifaya (kikuza sauti), ni zile zilizoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo kifaa hutoa mfululizo.

Gari lako liwe la volti 12. Mabasi madogo kama Coaster na malori mengi hutumia volti 24, na redio ya kawaida ikiunganishwa humo moja kwa moja itaungua. Ikiwa gari ni haibridi kama Aqua au Prius, fahamu kwamba betri ndogo ya volti 12 mara nyingi iko upande wa nyuma wa gari, na kwamba nyaya nene za rangi ya chungwa zinabeba umeme mkubwa unaoweza kuua. Usiziguse, wala usipitishe waya wako karibu nazo.

Vitu vya kuwa navyo

- Multimita. Ya bei nafuu inatosha, na bila hiyo usianze.
- Soketi ya kuunganishia ya Toyota, yenye plagi ya pini 10 na ya pini 6, ili usikate soketi ya gari.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, na spana ya boksi namba 10 yenye shingo ndefu.
- Vipande vya plastiki vya kubandulia paneli. Usitumie bisibisi ya chuma, kwani huacha makovu kwenye dashibodi.
- Pasi ya kulehemu na risasi yake, au viungio vya kubana pamoja na koleo lake maalumu.
- Mirija ya mpira inayosinyaa kwa joto, utepe wa umeme, na vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya.
- Betri moja ya tochi ya volti 1.5, kwa ajili ya kupima spika.

Vifaa vyote hivi utavipata Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Tenga siku nzima, na ufanyie kazi kivulini, kwa sababu plastiki ya dashibodi ikikaa sana juani hulegea na ikiwa kuukuu huvunjika ovyo.

Kufunga redio

1. Washa redio ya zamani na uhakikishe ni spika zipi zinalia. Ikiwa mlango wa nyuma wa kushoto uko kimya leo, hutaki kuja kuilaumu redio mpya kesho. Piga picha za dashibodi kutoka pande zote.

2. Zima gari, toa ufunguo, kisha fungua kichwa cha hasi cha betri na ukiweke mbali kisirudi kugusa. Subiri angalau sekunde 90 kabla ya kushika dashibodi, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa upungue. Usichomoe plagi yoyote ya rangi ya njano iliyo karibu na usukani au upande wa abiria, kwa kuwa kwa kawaida hizo ndizo za mifuko hiyo.

3. Bandua paneli inayoizunguka redio. Katika Toyota nyingi paneli hiyo imeshikwa na klipu peke yake: unaanzia pembe ya chini, unavuta kwa nguvu iliyotulia, unahamia klipu inayofuata. Ikikataa kabisa, acha kuvuta na utafute skrubu iliyojificha. Nyuma ya paneli kuna plagi za swichi ya hazadi na za kiyoyozi. Zichomoe kwa kubonyeza kilimi, usizivute kwa nyaya zake.

4. Fungua bolti nne za namba 10 zinazoishika redio, ivute mbele, kisha chomoa plagi zote na waya wa antena. Toa vibao vya chuma vilivyo pembeni mwa redio ya zamani, kwani ndivyo utakavyovifunga kwenye redio mpya. Weka skrubu kwenye kikombe. Skrubu moja ikidondokea ndani ya dashibodi itakugharimu nusu saa.

5. Tambua nyaya za gari kwa kupima. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na nitakaa kidogo.

Redio mpya na gari la Toyota zinatumia rangi zilezile kwa maana tofauti. Waya wa kijivu wa redio mpya ni chanya ya spika ya mbele kulia, lakini waya wa kijivu wa gari ni umeme wa volti 12 unaokuja unapozungusha ufunguo. Ukiunganisha kijivu kwa kijivu, umeme wa betri unaingia moja kwa moja kwenye njia ya kutolea sauti, na redio inakufa kabla hujasikia neno. Redio ya kwanza niliyoifunga maishani mwangu niliipoteza hivyo: nilizungusha ufunguo, ikatoka harufu ya kuungua, na upande mmoja haukulia tena. Waya wa kijani una mtego huohuo, kwa sababu kwenye gari ni umeme wa taa na kwenye redio ni spika ya nyuma. Waya wa njano nao, ambao kwenye redio ndio unaotakiwa kupata umeme wa kudumu, kwenye gari ni hasi ya spika ya nyuma kushoto, na hiyo ndiyo sababu redio ya mtu aliyeunganisha rangi kwa rangi haiwaki.

Huu ndio mpangilio unaoukuta katika Toyota nyingi, ukianza na waya wa redio mpya kisha waya wa gari:

- Njano (umeme wa kudumu): buluu yenye mstari wa njano.
- Nyekundu (umeme wa ufunguo): kijivu.
- Nyeusi (hasi, yaani bodi): kahawia.
- Chungwa (taa za dashibodi): kijani.
- Nyeupe, mbele kushoto chanya: waridi. Yenye mstari mweusi, hasi: zambarau.
- Kijivu, mbele kulia chanya: kijani hafifu. Yenye mstari mweusi, hasi: buluu.
- Kijani, nyuma kushoto chanya: nyeusi. Yenye mstari mweusi, hasi: njano.
- Zambarau, nyuma kulia chanya: nyekundu. Yenye mstari mweusi, hasi: nyeupe.

Orodha hii ikuongoze, lakini neno la mwisho liwe la multimita, kwa sababu huenda aliyekutangulia alikwisha kukata na kuunga kwa rangi anazozijua yeye. Rudisha kichwa cha betri, weka multimita kwenye volti za DC kipimo cha 20, na uegemeze ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi. Ufunguo ukiwa nje, waya unaoonyesha takriban volti 12 ndio wa kudumu. Zungusha ufunguo hadi ACC (hatua ya kwanza, kabla ya kuwasha injini): waya ulioamka sasa ndio wa ufunguo. Washa taa ndogo: utakaoamka ndio wa taa. Kwa waya wa bodi, toa ufunguo, geuza multimita kwenye kipimo cha mlio, na uuguse pamoja na chuma. Ukilia, ndio huo. Kwa spika tumia kipimo cha omu, ambapo kila jozi itaonyesha kati ya 3 na 4 hivi. Ikionyesha kwamba hakuna muunganiko, spika hiyo imekatika au haipo. Baadhi ya Probox, kwa mfano, zina spika za mbele tu. Ukimaliza kupima, fungua tena kichwa cha betri.

6. Unganisha soketi ya Toyota na soketi ya redio mpya ukiwa umekaa mezani. Kusokota waya na kuufunga utepe hakutoshi, kwa sababu gundi ya utepe huyeyuka kwenye joto la dashibodi, utepe unafunguka, na waya mtupu unagusa mwenzake. Lehemu au bana kwa kiungio, kisha vika mrija wa mpira na uupashe joto usinyae. Kumbuka kuuvika kwenye waya kabla ya kulehemu. Waya wa redio usio na kazi uzibe ncha yake peke yake. Hasi ya spika usiifunge kamwe kwenye bodi, wala usiziunganishe hasi za spika mbili, hata kama fundi wa zamani atakuambia ndivyo walivyofanya zamani.

Waya wa buluu wa redio hupeleka umeme kwenye antena. Magari yenye antena ndani ya kioo cha nyuma huwa na kikuza mawimbi kinachouhitaji umeme huo. Redio yenye kioo cha video ina pia waya wa breki ya mkono. Uunganishe kwenye waya wa swichi ya breki ya mkono, ili picha isionekane gari likitembea. Wapo wanaoufunga kwenye bodi kuidanganya redio, nami siwashauri, kwa kuwa anayeangalia picha huku anaendesha atamgonga mtu.

7. Jaribu kabla ya kufunga. Chomeka plagi zote pamoja na antena, iache redio ikiwa imelala juu ya kitambaa, rudisha betri na uiwashe. Sikiliza spika moja moja kwa kusogeza sauti mbele, nyuma, kushoto na kulia. Zima na uwashe ufunguo mara mbili uone kama imekumbuka stesheni. Washa taa. Ukiridhika, fungua betri tena, funga vibao vya chuma, sukuma redio polepole huku ukihakikisha nyaya hazibanwi nyuma yake, kisha rudisha bolti na paneli. Redio isipoingia hadi mwisho usiilazimishe. Mara nyingi ni fundo la nyaya, nalo linatakiwa kushushwa chini kwenye uwazi.

Kubadilisha spika za milango

Spika za karatasi zilizokuja na gari la miaka 15 huwa zimechoka, na mara nyingi kuzibadilisha za mbele peke yake huleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha redio. Ukubwa wa mbele katika nyingi ya Toyota hizi ni sentimita 16, lakini pima, na upime pia kina, kwa kuwa kioo cha dirisha hushuka nyuma ya spika.

8. Fungua skrubu za mlango: moja ndani ya mshikio wa kuvutia mlango, nyingine nyuma ya kifuniko kidogo cha mkono wa kufungulia. Vuta paneli itoke kwenye klipu, inyanyue juu, na uchomoe plagi za vioo. Nyuma utakuta karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Usiichane. Kazi yake ni kuyarudisha maji ya mvua chini ya mlango, na akiichana mtu, masika yakifika zulia lake litaloa bila yeye kujua maji yanatoka wapi.

9. Spika za asili katika Toyota nyingi zimefungwa kwa ribiti. Zitoboe kichwa kwa drili, taratibu, na uziokote zisibaki zikigonga ndani ya mlango. Funga pete ya plastiki au ya mbao inayolingana na spika mpya. Kabla ya kukaza kabisa, rudisha plagi ya kioo na ushushe dirisha hadi chini uone kama linaigusa spika.

10. Kama hujui upande wa chanya, gusisha nyaya za spika kwenye betri ya tochi kwa sekunde moja. Karatasi ya spika ikisogea nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya. Chanya na hasi za spika zote ziunganishwe kwa mpangilio uleule, la sivyo zitashindana na besi itapotea.

Ukitaka kuongeza amplifaya na sabufa (spika ya besi)

Ifanye siku nyingine, baada ya redio kukaa wiki moja bila tatizo. Jambo la kwanza ni usalama: waya wa chanya utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri, si kule nyuma kwenye amplifaya. Waya huo hupita kwenye tundu la ukuta wa chuma unaoitenga injini na chumba cha abiria, na ukikwaruzwa pale bila fyuzi mbele yake, gari linaweza kuwaka moto. Weka pete ya mpira kwenye tundu hilo. Kwa amplifaya ya wati 500 RMS ya aina ya D, waya namba 4, yaani wa takriban milimita za mraba 21, unafaa ukiwa wa shaba halisi. Kwangua ncha kwa kisu unaponunua: ndani pakiwa peupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na haibebi umeme uleule.

Waya wa hasi uwe mfupi, usizidi nusu mita, na ufungwe kwa bolti kwenye chuma ambacho umekwangua rangi mpaka king'ae. Waya wa sauti kutoka kwenye redio upite upande mmoja wa gari, na waya wa umeme upande mwingine. Waya mdogo wa kuamshia amplifaya unatoka kwenye redio, kwa kawaida buluu yenye mstari mweupe. Kitufe cha kuongeza nguvu kwenye amplifaya hakikuwekwa kwa ajili ya kupandisha sauti: pandisha sauti ya redio hadi robo tatu, pandisha kitufe hicho kidogo kidogo mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha kirudishe nyuma kidogo na ukiache hapo.

Mambo yakikataa

*Redio haiwaki kabisa.* Angalia fyuzi iliyo mgongoni mwake, kisha fyuzi ya redio kwenye kisanduku cha gari. Zikiwa nzima, pima volti kwenye nyaya za njano na nyekundu za redio zikiwa zimeunganishwa na za gari, na umalizie na waya wa bodi.

*Inasahau stesheni na saa kila unapozima gari.* Waya wa njano na mwekundu umebadilishana nafasi, au wa njano haupati umeme wa kudumu.

*Betri imekufa asubuhi.* Waya mwekundu umefungwa kwenye umeme wa kudumu, hivyo redio au amplifaya haikulala. Gari likiwa limezimwa, amplifaya isionyeshe taa yoyote.

*Inawaka, lakini haina sauti au inaandika kosa la ulinzi.* Waya wa spika umegusa bodi. Chomoa plagi ya spika zote, na uzirudishe jozi moja moja mpaka umpate mkosaji. Mara nyingi ni spika mpya ambayo ncha zake zimegusa chuma cha mlango.

*Ina sauti, lakini besi ni nyembamba.* Spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Sogeza sauti yote kushoto. Besi ikirudi, umepata uthibitisho.

*Stesheni zinakwaruza.* Plagi ya antena haikuingia hadi mwisho, au kikuza mawimbi cha kwenye kioo hakipati umeme wa waya wa buluu.

*Mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini.* Anza na hasi ya amplifaya: ikwangue upya na uikaze. Mluzi ukiendelea, chomoa nyaya za sauti nyuma ya amplifaya. Ukinyamaza, tatizo liko kati ya redio na amplifaya, ama kwenye njia ya waya au kwenye hasi ya redio. Usiponyamaza, liko kwenye amplifaya yenyewe au umeme wake.

*Taa za mbele zinafifia kila besi inapopiga.* Pima betri injini ikiwa imezimwa, ambapo nzima hutoa takriban volti 12.6, kisha injini ikinguruma, ambapo unatarajia kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa ya pili iko chini ya 13.5, mpelekee fundi umeme alitaneta yako, yaani kifaa kinachochaji betri, kabla hujaendelea kulaumu waya.